Uzi maalumu: Safari ya kikundi kwenda Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria Falls. Mwezi wa kwenda, barabara, mipaka na yanayokwamisha

#1 Msafiri_Songwe

Wakuu, habari za humu. Matangazo ya safari za kikundi kwenda Victoria Falls yamekuwa mengi, na karibu yote yanaanza na bei. Kwa maporomoko haya cha kwanza kuuliza ni mwezi, maana ukikosea mwezi hata hoteli ya bure haikusaidii. Nafungua uzi huu tuweke kila kitu sehemu moja, na wenye ujuzi waongezee.

Kwa kifupi kwa wasioyajua: ni maporomoko ya mto Zambezi, Zambia upande mmoja na Zimbabwe upande wa pili. Upana mita 1,708, kimo hadi mita 108. Wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na Mswahili hahitaji mkalimani kwenye hilo neno la kwanza. Yameingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1989, na orodha hiyo inabeba majina yote mawili.

Sasa miezi:

Machi hadi Mei maji ni mengi kupita kiasi, kilele huwa Aprili. Unasikia ardhi inatetema, ila ukisimama katikati huoni kitu zaidi ya ukungu mweupe, na unalowa mpaka ndani ya viatu.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kikundi. Maji bado yapo pande zote mbili, manyunyu yamepungua, picha zinatoka. Asubuhi ni baridi kweli, beba sweta.

Septemba hadi Desemba mto unapungua. Upande wa Zimbabwe maji yanaendelea kuanguka. Upande wa Zambia, Oktoba na Novemba, sehemu kubwa inabaki mwamba mkavu.

Kwa hiyo anayekuuzia "Victoria Falls Novemba, upande wa Zambia tu" anakuuzia ukuta wa mawe.

#2 Kigoda cha Mninga

Asante sana mkuu. Sisi ni watu 22, kikoba cha kazini, na likizo yetu ni Desemba tu, haihamishiki. Tuachane nayo?

#3 Msafiri_Songwe

Hapana mkuu, msiache. Ila mpango ubadilike: Desemba mkalale upande wa Zimbabwe, au mlale Livingstone, mji wa upande wa Zambia ulio karibu na maporomoko, lakini siku nzima moja iwe ya kuvuka. Devil's Cataract na Main Falls, sehemu za maporomoko zenye maji mwaka mzima, zipo upande wa Zimbabwe na hazikauki. Zambia mnaenda kwa yale yanayowezekana maji yakiwa machache, hasa Devil's Pool, lile bwawa la ukingoni kabisa ambalo watu wanaoga. Kwa kawaida linafunguliwa kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Januari, kutegemea maji. Mnafikishwa kwa boti hadi kisiwa cha Livingstone, na ni lazima kuwa na mwongozaji.

Angalizo kwa watu 22: boti ni ndogo, hamwendi wote pamoja. Mtagawanywa mikupuo, na msipopanga mapema nusu ya kundi itaambiwa nafasi zimejaa wakati nusu nyingine imeshalipa. Hapo ndipo ugomvi wa safari nyingi unapoanzia.

#4 Mtoza Maji

Naomba niongeze kwa nini inakuwa hivyo, maana watu wengi hudhani mvua ikinyesha Livingstone ndipo maporomoko yanajaa. Siyo.

Zambezi unaanzia kaskazini-magharibi ya Zambia, upande wa Ikelenge, unaingia Angola, unarudi Zambia, kisha unatandaa kwenye uwanda wa Barotse. Mvua za huko juu ni Novemba hadi Machi. Uwanda ule ni tambarare kubwa, unayapokea maji na kuyaachia polepole kama sifongo. Ndiyo maana kilele Victoria Falls ni Aprili, wakati mawingu yameshaondoka. Desemba unaweza kunyeshewa barabarani siku nzima, ukafika ukakuta mto umenywea.

Alama nzuri ya kuangalia ni Kuomboka, sherehe ya Walozi ambapo Litunga, mfalme wao, anahama kwa mashua kubwa kutoka Lealui kwenda Limulunga kwa sababu uwanda umefurika. Ikitangazwa, jua maji mengi yako njiani. Na mwaka wa ukame huwa haifanyiki kabisa.

Anayetaka namba: Mamlaka ya Mto Zambezi hutangaza kiasi cha maji yanayopita, kwa mita za ujazo kwa sekunde. Mwaka wa kawaida Aprili hupita 2,000, na Oktoba au Novemba hushuka chini ya 500. Msiangalie wastani wa miaka, angalieni namba ya mwaka huo huo mnaokwenda. Mwishoni mwa 2019 ukame ulikuwa mkali mpaka picha za ukuta mkavu zikazunguka dunia nzima.

Na kwa nini Zambia inakauka kwanza? Ukingo wa mwamba upande wa mashariki uko juu kidogo kuliko magharibi. Mto ukishuka, maji yanafuata mifereji yenye kina iliyo upande wa Zimbabwe. Juu ya hapo kuna kituo cha umeme cha megawati 108 upande wa Zambia, kinachukua maji kabla ya ukingo na kuyarudisha chini kwenye korongo.

#5 Dereva wa Masafa

Niseme ya barabarani. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830, Mbeya hadi Tunduma kama 110, Nakonde (upande wa Zambia wa mpaka huo huo) hadi Lusaka kama 1,000, Lusaka hadi Livingstone kama 475. Jumlisha mwenyewe, ni zaidi ya 2,400 kwenda tu.

Kinachoua ratiba ni sheria ya Zambia: magari ya abiria hayaruhusiwi kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri. Basi likikutwa njiani saa tatu linaegesha palepale lilipo, na ninyi mnalala kwenye viti. Kwa hiyo ile hesabu ya "tutaunganisha usiku" ifuteni.

Mgawanyo unaokaa vizuri:
Siku ya 1: Dar – Mbeya.
Siku ya 2: Tunduma mapema, kuvuka, kulala Mpika (Nakonde hadi hapo ni kama 370).
Siku ya 3: Mpika – Serenje – Kapiri Mposhi – Kabwe – Lusaka.
Siku ya 4: Lusaka – Mazabuka – Monze – Choma – Livingstone.

Siku nne kwenda, nne kurudi. Mkitaka siku tatu pale penyewe, ni siku 11. Mwenye likizo ya wiki moja apande ndege hadi Lusaka, kisha kundi likodi basi dogo hapo. Zambia wanaita Rosa hata kama ni Coaster, ukiuliza Rosa wanakuelewa.

Kuhusu Coaster: ina viti 28 kwenye karatasi, lakini haina buti la kubeba mabegi ya watu 28 wa siku 11. Hesabu watu 20 hadi 22, viti vya nyuma viwe vya mizigo. Mkizidi hapo mabegi yanakaa kwenye njia ya katikati, na kila kizuizi cha polisi kitakuwa na neno.

Mkivusha gari la Tanzania andaeni: kadi ya gari, barua ya mmiliki iliyoidhinishwa na wakili kama gari si lako, bima ya njano ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika (Tanzania imo kwenye mpango huo japokuwa si mwanachama wa COMESA), kibali cha muda cha forodha, ushuru wa kaboni na ushuru wa barabara upande wa Nakonde, pembetatu mbili za tahadhari. Stakabadhi zote ziwe kwenye faili moja mbele kwa dereva. Nyingi zinaulizwa tena njiani, na mnaporudi pia.

#6 Kigoda cha Mninga

Na TAZARA je mkuu? Wengine kwenye kundi wanaitaka kweli ile treni.

#7 Dereva wa Masafa

Reli ni nzuri kwa kuona nchi, kilomita 1,860 kutoka Dar. Ila inaishia New Kapiri Mposhi, haifiki Lusaka. Kutoka hapo mnapanda basi. Na usipange treni na ndege ya kurudi kwa kubanana: acha siku mbili nzima katikati, na ratiba thibitisha stesheni wiki ile ile ya safari.

#8 Mama Stakabadhi

Kwenye makaratasi ndipo vikundi vinapokwama, nami nitaandika kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Pasi ya kusafiria iwe na miezi sita mbele na kurasa tupu zisizopungua tatu. Mkilala Livingstone na kuvuka kwenda na kurudi, mnagongwa muhuri wa kuingia Zambia, kutoka, kuingia Zimbabwe, kutoka, kuingia Zambia tena, kisha kutoka kwa mara ya mwisho Nakonde. Kitambulisho cha taifa hakivushi mtu huko, hata kama umezoea kukitumia ndani ya Afrika Mashariki.

Mtanzania hahitaji viza Zambia wala Zimbabwe. Mkenya vilevile. Kama kundi lina mwenzetu mwenye pasi ya nchi ya mbali, atazame KAZA, viza moja ya nchi zote mbili: dola 50, siku 30, na inaruhusu kwenda Botswana kwa siku moja kupitia Kazungula na kurudi. Akichukua viza ya kuingia mara moja Zimbabwe halafu akataka kuvuka tena kesho yake, analipa upya.

Kadi ya njano ya homa ya manjano kila mtu awe nayo. Chanjo huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo aliyechanja juzi bado hajatimiza. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 usiitupe, tangu 2016 inatambulika kwa maisha yote.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi: cheti cha kuzaliwa, barua ya kiapo ya mzazi aliyebaki, na kopi ya pasi ya huyo mzazi. Bila hivyo ofisa akikurudisha ana haki.

Kiongozi wa kundi awe na orodha iliyochapwa: jina kama lilivyo kwenye pasi, namba ya pasi, tarehe ya kuzaliwa, uraia, kazi. Nakala nane. Orodha nzuri inawapitisha watu 22 kwa muda mfupi. Bila orodha kila mmoja anajaza fomu yake dirishani, na wa mwisho anamaliza wa kwanza ameshachoka kusubiri juani.

#9 Mama Stakabadhi

Nimesahau fedha na saa.

Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja, mnagongwa kutoka na kuingia sehemu moja. Lakini saa zinabadilika: Zambia na Zimbabwe ziko nyuma yetu kwa saa moja. Saa mbili asubuhi Tunduma ni saa moja Nakonde. Mkienda mnapata saa, mkirudi mnaipoteza, na wanaokosa basi la kurudi mara nyingi ni hilo tu.

Kubadili hela: msibadilishe kwa vijana wanaowafuata na mafungu mkononi. Kwacha ilipunguzwa sifuri tatu mwaka 2013, na noti za zamani bado zinatembea mipakani kuwapata wageni. Ukipewa noti imeandikwa 50,000, hiyo si pesa tena. Kwacha kubwa za sasa zinaishia kwenye mamia.

Zimbabwe dola ya Marekani inapokelewa kila mahali, lakini chenji hakuna. Kila mtu aende na dola moja moja, tano tano, kumi kumi, noti safi zisizochanika. Ukitoa 50 kwa kitu cha 3 utarudishiwa soda na biskuti. Zile noti za matrilioni wanazouza karibu na daraja ni kumbukumbu tu, hazinunui kitu.

#10 Otieno wa Ziwani

Bwana, swali la Mkenya. Nimeona kiingilio cha hifadhi kina madaraja. Sisi na Watanzania tunalipa sawa?

#11 Mama Stakabadhi

Hapana ndugu yangu. Hifadhi zote mbili zina bei tatu: raia wa nchi husika, wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), na wa kimataifa. Tanzania imo SADC. Kongo ya Kinshasa imo, Malawi imo, Msumbiji imo. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo, hivyo Mkenya anawekwa na wa kimataifa hata akivuka na Mtanzania basi moja. Anayekusanya michango alijue hilo mapema, asitoze kila mtu sawa halafu hela ikapelea getini. Na bei ya SADC inatolewa kwa pasi yenyewe mkononi, kwa hiyo msiziache hotelini.

#12 Msafiri_Songwe

Sasa siku yenyewe. Naona makundi mengi yanafanya pande zote mbili siku moja. Inawezekana, ila ianze alfajiri.

Kanuni ya upinde wa mvua: jua liwe mgongoni, upinde uko mbele. Korongo linalala mashariki kwenda magharibi, Zambia mashariki, Zimbabwe magharibi. Asubuhi uwe Zambia unatazama magharibi. Alasiri uwe Zimbabwe unatazama mashariki. Hivyo anayelala Livingstone ana bahati, mpangilio unamfuata jua.

Saa kumi na mbili unusu asubuhi (saa ya Zambia) ondokeni Livingstone, ni kilomita 10 na kidogo. Upande wa Zambia saa mbili zinatosha, Knife Edge Bridge, lile daraja la waenda kwa miguu, likiwemo. Wenye magoti mazima waongeze saa moja na nusu kushuka Boiling Pot, ngazi za mawe hadi chini mto unapozunguka. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kunatenganisha watu, basi kundi lisisubiriane chini, lipeane muda wa kukutana juu. Maji yakiwa mengi njia hiyo hufungwa.

Kisha Uhamiaji, mnavuka kwa miguu. Kati ya ofisi na ofisi ni zaidi ya kilomita moja, na daraja liko katikati: la chuma, lilifunguliwa 1905, urefu mita 198, mita 128 juu ya mto. Asiyetaka kuingia Zimbabwe anaomba karatasi ya darajani, anaacha kugongwa muhuri, anafika katikati na kurudi. Karatasi inaandikwa idadi ya watu, mrudi mkiwa wale wale.

Upande wa Zimbabwe mtatumia muda wa saa mbili na nusu. Anzeni kwenye Devil's Cataract, mfuate njia hadi Danger Point. Hapo hakuna uzio, mwamba unateleza, na watu wanarudi nyuma wakipiga picha. Kiongozi asimame yeye ukingoni. Geti linafungwa saa kumi na mbili jioni, lakini msisubiri hiyo, maana foleni ya Uhamiaji jioni huwa ndefu.

#13 Kigoda cha Mninga

Vipi simu na kamera? Na je, ni kweli makoti ya mvua yanakodishwa getini?

#14 Mtoza Maji

Yanakodishwa. Yanazuia maji ya juu tu. Pale Knife Edge kati ya Machi na Mei maji yanapanda kutoka korongoni, yanakugonga kidevuni, yanaingia chini ya koti. Vaeni nguo nyepesi zinazokauka, siyo jinzi: jinzi ikilowa inakaa mbichi mpaka usiku. Miguuni sandali zenye mkanda nyuma ya kisigino. Ndala zinabaki kwenye tope.

Simu, hata zile zinazostahimili maji, kioo kinapolowa hakisikii kidole, matone yanabofya yenyewe na kufungua vitu visivyotakiwa. Weka kamera tayari kabla ya kuingia kwenye manyunyu, kisha piga kwa kitufe cha sauti cha pembeni. Kitambaa cha kufutia lenzi kiwe ndani ya mfuko wa plastiki, siyo mfukoni mwa suruali. Pasi ya kusafiria iwe kwenye mifuko miwili ya kufunga, mmoja ndani ya mwingine. Muhuri uliolowa ukasambaa wino ni tatizo dirishani.

Na nyani. Wako pande zote mbili na wanaijua sauti ya mfuko wa plastiki. Chakula kisionekane, zipu za begi zifungwe pamoja kwa pete. Akishashika begi, liachie. Anachotaka ni chakula, akikikosa analitupa. Anayevutana naye ndiye anayeng'atwa.

#15 Mlozi wa Mbali

Kwa wanaokwenda Aprili hadi Julai, angalieni kalenda ya mwezi. Siku za mwezi mpevu hifadhi hufunguliwa usiku, kama siku tatu, kwa ajili ya upinde wa mvua wa usiku. Unahitaji maji mengi na anga safi kwa pamoja, kwa hiyo Mei na Juni ndizo bora. Jicho linauona mweupe-mweupe, rangi zinatoka kwenye kamera. Simu iegemezwe kwenye kitu, kamera iachwe ikipokea mwanga sekunde kumi hadi kumi na tano.

#16 Mfipa Halisi

Wakuu, kwa kikundi ambacho bajeti haifiki huko, msiisahau Kalambo. Nayo iko mpakani, Tanzania na Zambia, wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa. Maji yanaanguka kwa mruko mmoja zaidi ya mita 220, mara mbili ya Victoria kwa kimo, ingawa ni wembamba mno ukilinganisha. Kwenye kuta za bonde lake, korongo-mfuko, wale ndege wakubwa waitwao marabu, wanaweka viota. Unafika kupitia Sumbawanga na Matai, na upande wetu huhitaji kuvuka mpaka wala kugongwa muhuri. Nendeni mara mvua zinapoisha, maji yakiwa bado mengi, lakini barabara iwe imeanza kukauka. Na ni mahali penye heshima yake: mwaka 2023 wataalamu walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale hapo Kalambo, yana umri usiopungua miaka 476,000.

#17 Mama Stakabadhi

Nimeipenda hiyo. Ila nirudi kwa Kigoda, maana ana watu 22 na michango inakaribia kuanza. Kabla hujampa wakala hata shilingi, muulize kwa maandishi: kiingilio cha hifadhi ni cha pande mbili au moja? Kwa bei ya SADC au ya kimataifa? Kutoka Livingstone hadi mpakani na kutoka mpakani hadi getini, nani analipa gari? Vyumba ni vya watu wangapi? Mtu akiugua wiki moja kabla, nafasi yake inahamishika kwa mwingine au imepotea? Dereva atalala wapi, na nani anamlipia? Wakala anayejibu "vyote vimo" bila kuvitaja, andika mwenyewe orodha na umtake asaini.

Weka pia akiba ya kundi, asilimia 10 ya bajeti, isiyoguswa mpaka mmerudi Tunduma. Pancha, dawa, usiku wa ziada kwa sababu ya ile sheria ya saa tatu, vyote vinatoka humo.

#18 Kigoda cha Mninga

Nimeshakopi yote. La mwisho: tuna mama mmoja wa miaka 68, magoti yanamsumbua, ila anataka kuja kweli. Tumwambie nini?

#19 Msafiri_Songwe

Aje. Upande wa Zimbabwe njia zimesakafiwa na ni tambarare kwa sehemu kubwa. Devil's Cataract na Main Falls anaziona bila ngazi nyingi, kuna mabenchi, na Desemba manyunyu hayatamlowesha sana. Aruke Boiling Pot na Knife Edge. Daraja asivuke kwa miguu, kuna teksi pande zote mbili, mlipieni kutoka kwenye ile akiba. Kwenye Coaster mpeni kiti cha mbele mlangoni, na dereva asimame kila baada ya saa mbili anyooshe miguu. Na mtu mmoja apangwe awe naye siku nzima, kwa zamu, ili asijione anawachelewesha.